Kutojua Kunachosha Kuliko Hasara

Wafanyabiashara wenzangu, mnakumbuka kafyu ya korona hapa Kenya? Mimi nilikuwa nauza chapati na maharagwe karibu na steji. Wateja wangu ni watu wa kutoka kazini, saa moja jioni. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikaanza, saa hiyo hiyo moja.

Hasara niliipata, ndiyo. Lakini kilichonimaliza ni kutojua. Tuliambiwa siku 30. Zikaisha, zikaongezwa 21. Zikaisha, 21 zingine. Kila tangazo niko na simu mkononi, sijui ninunue unga wa wiki au nifunge kabisa. Usiku silali. Mtoto akikohoa, moyo unaruka. Nikawa mkali hata kwa wateja wachache waliobaki. Watu wakasema nimekuwa mvivu, na mimi nikaamini.

Haukuwa uvivu. Mwaka 2016 watafiti wa London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta wa kubahatisha kama chini ya jiwe kuna nyoka. Akiwepo, unapigwa shoti ya umeme mkononi. Wasiwasi haukuwa mkubwa zaidi pale mtu alipojua kwa hakika atapigwa. Ulikuwa mkubwa zaidi pale ilipokuwa nusu kwa nusu. Mwili ukijua baya linakuja, unajiandaa. Usipojua, unakaa macho tu, na unachoka.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na ushauri wa "jipange, acha uoga." Kichwa kilichochoka hakipangi. Kitulize kwanza. Mimi haya yalinisaidia:

1. Gawa ukurasa wa daftari: ninachojua, nisichojua. Fanya kazi na upande wa kwanza.

2. Panga kwa wiki. Niliacha kuuliza "kafyu itaisha lini?" nikauliza "wiki hii nauza nini kabla ya saa kumi na moja?" Nikahamia chapati za mchana, nikawapelekea majirani milangoni. Faida ilikuwa ndogo, lakini nililala.

3. Sikiliza habari mara moja kwa siku, kutoka Wizara ya Afya. Zile za WhatsApp za usiku wa manane, achana nazo.

4. Usichukue mkopo wala kuuza vifaa vya kazi siku ambayo hujalala.

5. Sema kwenye chama. Mimi niliposema, wanne wakasema "hata mimi."

Na kama wiki mbili zimepita hulali, huli, au unaona heri usingekuwepo, nenda kliniki umwambie muuguzi waziwazi. Kama ni mawazo ya kujidhuru, usingoje hizo wiki mbili, nenda leo. Huo si wazimu.

Kuna watakaosema mtu wa kibanda hana muda wa mambo ya mawazo. Mimi nasema biashara ndogo haina meneja wala karani. Ina kichwa chako tu. Kikilala chini, kibanda kimefungwa, kafyu iwepo isiwepo.

Wewe ulipitaje 2020? Tuambie, kuna mwenzako anahitaji kusikia.