Kadi ya Njano ya mtandao: Mpakani nafuu, mtihani upo kwenye fidia

Katika bahasha ya nyaraka za dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, hati moja huamua kama ajali ya ugenini itamfilisi tajiri wake au la. Hati hiyo ni Kadi ya Njano ya COMESA.

Mpango huo wa bima ulitokana na itifaki iliyotiwa saini Addis Ababa mwaka 1986, ukaanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini haikujitoa katika Kadi ya Njano. Ndiyo maana lori lake halilazimiki kukata bima mpya Zambia wala Kongo.

Kwa miaka mingi kadi hiyo ilikuwa karatasi, na karatasi hughushiwa. Msafirishaji aliyeuziwa kadi bandia aliweza kupita mipaka yote salama, akagundua ametapeliwa siku ya ajali. Kadi ya kidijiti, inayotolewa na kuhakikiwa kwa mtandao, inaziba tundu hilo.

Hata hivyo, kutoa kadi ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kulipa. Lori la Tanzania likimgonga mtu Zambia, ofisi ya mpango iliyoko Zambia hushughulikia madai kwa sheria za huko, kisha hudai fedha zake Tanzania, ambako kampuni iliyouza bima ndiyo yenye mzigo. Kila hatua inahitaji ripoti ya polisi, vyeti vya hospitali na uthibitisho wa bima. Kadi ikitolewa kwa dakika chache huku nyaraka hizo zikisubiri mafaili ya ofisini, manufaa ya kompyuta yanaishia getini.

Kwa hiyo kipimo cha mageuzi haya si wingi wa kadi zilizouzwa, bali ni muda unaopita tangu ajali hadi majeruhi kulipwa.

Wakati huohuo, wenye malori wasijisahau. Kadi ya Njano hutegemea bima ya nyumbani. Hiyo ikiisha, kadi nayo imekwisha. Inalipia madhara kwa watu wengine na matibabu ya dereva na abiria. Hailipii shehena, wala lori lenyewe iwapo bima kubwa haikuongezwa hadi nje ya nchi. Ni vyema kumuuliza wakala kabla ya safari, maana huko Kasumbalesa jibu huwa limechelewa.