Wamekula mahindi yetu, wametuachia tindikali

Kama unalima Mufindi, Mbozi, Rungwe au Wanging'ombe, makala haya yanahusu shamba lako. Kama uko Dar es Salaam na sembe unainunua dukani, usilifunge gazeti, maana sembe hiyo ina kwao.

Msimu uliopita babu yangu, kule Mufindi, alivuna magunia manne kwenye ekari moja. Alikuwa ameweka mbolea ya kupandia, akaweka ya kukuzia, kama alivyoelekezwa. Ekari hiyohiyo zamani ilikuwa ikimpa magunia kumi na tano na zaidi. Bwana shamba alipopita akamwambia mzee kwamba hapalilii kwa wakati. Mtu aliyeshika jembe kabla bwana shamba hajazaliwa anaambiwa hajui kupalilia! Mimi mjukuu, mwenye cheti changu cha kidato cha nne na kalamu ya kuokoteza habari, nikaingia shambani nikang'oa shina moja. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, imejikunja kama vidole vya mtu aliyeungua. Majani yalikuwa yameiva rangi ya zambarau. Hapo hakuna kosa la palizi. Hiyo ni tindikali.

Nieleze kidogo, maana wataalamu wetu hupenda kuyasema haya kwenye semina za hotelini. Uchachu wa udongo una kipimo chake, kinaitwa pH. Saba ni katikati. Ukishuka chini ya saba unaingia kwenye uchachu, na kila namba moja unayoshuka uchachu unaongezeka mara kumi. Mahindi na maharage hupata taabu pH ikishuka chini ya 5.5. Hapo alumini iliyokuwa imelala ardhini inayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Fosforasi nayo inakamatwa na udongo. Kwa hiyo mkulima anauza mbuzi, ananunua DAP, anaifukia, na fosforasi aliyoilipia inafungwa jela palepale chini ya mmea wake. Mmea unakufa njaa huku chakula kiko jirani.

Uchachu huu umetoka wapi? Sehemu umetoka kwa Mungu. Nyanda zetu hupata mvua nyingi, na mvua ya miaka mingi huosha kalisi na magnesi na kuzipeleka chini. Ndiyo maana chai inastawi Mufindi na Tukuyu, kwa kuwa chai hupenda udongo mchachu. Viazi mviringo navyo huvumilia. Lakini ugali hautokani na majani ya chai, bwana.

Sehemu nyingine haikutoka kwa Mungu, na hapa ndipo wakubwa hawataki tufike.

Mwaka 1972 viongozi wa TANU walikutana hapahapa Iringa wakatoka na "Siasa ni Kilimo". Mwaka huohuo kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi, na moja ya bidhaa zake kubwa ilikuwa mbolea ya chumvichumvi aina ya SA. Baada ya njaa ya 1973 na 1974 ukaja Mradi wa Taifa wa Mahindi. SA ikamwagwa vijijini kwa bei ya ruzuku, na mikoa minne, yaani Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ikageuzwa ghala la taifa. Malori ya NMC yalipanda milima matupu yakashuka yamelemewa. Miji ikala.

Sasa shika hesabu hii, msomaji. Mfuko mmoja wa SA wa kilo 50 huacha ardhini uchachu ambao kuuondoa kunahitaji kilo kama 55 za chokaa safi ya kilimo. Mfuko kwa mfuko na zaidi! Haya si maneno ya upinzani, ni kemia, na ilijulikana duniani kabla kiwanda cha Tanga hakijajengwa. Babu yangu anayakumbuka vizuri malori ya SA. Lori la chokaa, anasema, hakuliona hata moja.

Kisha wakubwa wakabadili wimbo. Kuanzia 1990 ruzuku ya mbolea ikakatwa kidogo kidogo, hadi kufikia msimu wa 1994/95 imekwisha kabisa. Kiwanda cha Tanga kikafungwa. Mkulima akaambiwa soko huria limefika, ajitegemee. Ajitegemee na nini? Na udongo waliokwisha kuuchachusha kwa miaka karibu ishirini!

Ikaja "Kilimo Kwanza" mwaka 2009, suti na hotuba. Zikaja vocha, kuanzia 2008 hadi 2014: mbegu ya mahindi kilo 10, mfuko wa urea, na mfuko wa DAP au miwili ya Minjingu. Chokaa haikuwamo. Urea nayo ni walewale tu, kwani kilo 50 zake zinadai zaidi ya kilo 40 za chokaa.

Hapo kwenye Minjingu utanichukia kidogo, msomaji. Wakulima wengi wa kwetu waliikataa mbolea hiyo. Walisema ni vumbi, haionyeshi kitu, wanaletewa takataka ya Manyara. Hata mimi nilikuwa nikicheka nao. Kumbe mawe yale ya fosfeti huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo mchachu kuliko kwingine, tena yana kalisi ndani yake. Kwa mashamba yetu yalikuwa na maana, ila kazi yake ni ya polepole, na mwenye njaa ya msimu mmoja hawezi kungoja bila kuambiwa anachongoja. Nani alikuja kutueleza? Vocha ililetwa, maelezo yakabaki ofisini. Kisha lawama ikawa ya mkulima "mbishi".

Tena wazee wetu hawakuwa wajinga. Wanyiha wa Mbozi walikuwa na kilimo cha nkule: wanakata nyasi pamoja na udongo wa juu, wanarundika, wanachoma, wanatawanya majivu, ndipo wanapanda ulezi. Majivu ni dawa ya uchachu. Hawakuwa na mashine ya pH, lakini walijua ardhi hii inataka nini, na waliijua kuliko waliowaletea SA.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Dawa tunayo wenyewe, tumeikalia. Pale Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya, jirani na uwanja wa ndege, kuna mawe ya chokaa yaliyoachwa na chemchemi za maji moto tangu kale. Kiwanda cha saruji kimekuwa kikiyala mawe hayo tangu miaka ya 1980. Watu wadogo wanayachoma kwa kuni na kuuza chokaa ya kupaka ukutani. Reli ya TAZARA inapita hapohapo Songwe, inakwenda hadi Makambako, mlangoni mwa Njombe na Mufindi. Mawe yapo, reli ipo, na shamba lenye kiu ya mawe hayo lipo. Serikali iliyoweza kuchukua mahindi ya babu kwa lori miaka ishirini inashindwaje kumrudishia unga wa mawe kwa behewa?

Wengine wamefanya. Brazil walikuwa na mbuga kubwa iitwayo Cerrado, udongo mchachu uliojaa alumini, watu wakisema haufai kitu. Kuanzia miaka ya 1970 utafiti wa serikali yao ukaingia na chokaa, fosfeti na mbegu zinazofaa. Leo soya inayotoka huko inalisha nguruwe wa China. Udongo wao haukuwa mtamu kuliko wetu.

Aprili 2022 Rais Samia aligawa pikipiki kwa maofisa ugani pale Dodoma, pamoja na vifaa vya kupimia udongo. Mwaka huohuo ruzuku ikarudi, DAP na urea zikauzwa shilingi 70,000 kwa mfuko. Sikatai, mbolea ya bei nafuu ni bora kuliko ya bei ya kuua. Lakini pikipiki nazisikia zikinguruma kijijini kwetu, kipimo cha udongo wa babu sijakiona. Tunataka kila kijiji kipimwe, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji, yasome kila mtu. Tunataka chokaa iwe na haki sawa na mbolea mbele ya fedha za umma, hasa nauli yake, maana jiwe ni bei rahisi ila ni zito, na nauli ndiyo inayomshinda mlalahoi.

Na sisi wa upinzani tusijitoe. Nimekaa chini ya majukwaa mengi, nimesikia katiba, nimesikia ufisadi, na ni haki yake. Neno chokaa sijalisikia hata mara moja, wala kwetu.

Wewe msomaji, usikimbilie chokaa ya ukutani. Inayotakiwa ni mawe yaliyosagwa laini, hayakuchomwa. Pima kwanza, Uyole pale Mbeya wana maabara. Mashamba mengi huhitaji kati ya nusu tani na tani mbili kwa ekari, na ukizidisha unaharibu. Itawanye wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganye na udongo kwa jembe, usiiweke pamoja na urea au SA. Nguvu yake hukaa misimu kadhaa. Anza na robo ekari, uone kwa macho yako.

Na kwenye mkutano ujao wa kijiji, diwani akimaliza salamu za chama, nyoosha mkono umuulize pH ya kata yake ni ngapi. Akisema atafuatilia, muulize tarehe, uiandike mbele yake.