Mtaka cha Mvunguni: Nasaha kwa Rubani Kijana

Kijana akihitimu urubani wa biashara, nyumbani huchinjwa mbuzi. Baba aliyeuza kiwanja ili alipe karo hushusha pumzi, na majirani huanza kuulizana ni lini mtoto wa fulani ataonekana ndani ya ndege kubwa ya Dubai. Katika furaha hiyo ni nani atakayethubutu kusema kwamba safari ndiyo kwanza inaanza?

Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya biashara hupewa mwenye saa 200 za kuruka, au 150 akiwa amesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500, zikiwemo 100 za usiku. Kati ya leseni hizo mbili kuna pengo la saa 1,300 hivi, na pengo hilo limewatoa vijana wengi jasho, kwa kuwa mwajiri anamtaka mwenye saa, na saa hazipatikani pasipo mwajiri. Hapo ndipo vinapomjia kijana vishawishi viwili: kudharau kazi ndogo, na kuongeza saa kwa wino.

Nianze na dharau. Nenda asubuhi uwanja wa Wilson, Nairobi, au ule wa Arusha, utazame ndege aina ya Caravan ikipakiwa. Chini ya tumbo lake pana sanduku la mizigo, karibu kabisa na ardhi. Utamwona rubani, shati jeupe na mistari mabegani, amechutama anasukuma ndani mifuko ya watalii mmoja baada ya mwingine. Kila abiria ana kilo zake 15, na mfuko sharti uwe laini upate kujikunja. Mpita njia atamdhania kuli. La hasha! Yule anajua kila kilo imekaa wapi, na anajua kwamba saa saba mchana, katika joto na hewa nyepesi ya nyanda za juu, ndege hiyohiyo itataka njia ndefu zaidi ya kurukia. Wahenga waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kana kwamba walikuwa wamesimama pale uwanjani.

Tena tupige hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni dakika 20 hivi. Anayezitafuta saa 1,300 kwa safari hizo atavuka bahari mara 3,900. Ataruka mara 3,900 na kutua mara 3,900, miezi mingine upepo wa kusi ukimpiga ubavuni. Mwenzake wa ndege ya Dubai hukaa angani zaidi ya saa tano kwa kutua mara moja, na zamu ikiwa ya kapteni, hata hiyo moja si yake. Na yule wa mbugani, kabla hajatua, huenda akapita chini mara moja kuwafukuza pundamilia waliolala njiani. Ni nani hapo aliyesoma zaidi?

Atatokea wa kunijibu: "Saa ni saa, bora zitimie." Tarehe 12 Februari 2009, karibu na mji wa Buffalo, Marekani, ndege ya abiria ilianguka usiku juu ya nyumba na watu 50 wakafa. Baadaye Wamarekani waliweka sheria kwamba hata rubani msaidizi, isipokuwa kwa misamaha maalumu, awe na saa 1,500. Lakini kapteni wa ndege ile alikuwa na zaidi ya 3,000, na msaidizi wake zaidi ya 2,000! Ndege ilipotoa onyo kwamba mwendo umepungua mno, kapteni aliuvuta usukani nyuma, ilhali ilipasa kuusukuma mbele. Idadi walikuwa nayo. Basi saa zitimie, ndiyo, lakini zitimie na elimu ndani yake.

Ikiwa saa za kweli zaweza kumwangusha mtu, itakuwaje saa za wino? Daftari la rubani huliandika rubani mwenyewe, na kwa hiyo ni amana. Anayejiongezea saa kumi za usiku ambazo usiku wake alikuwa kitandani asisahau kwamba ndege nayo ina daftari lake. Siku yakilinganishwa, leseni itakwenda na jina litakwenda. Njia ya mwongo ni fupi, na njia fupi ndiyo iogopwayo na kila rubani.

Nanyi wazazi, acheni kumuuliza mtoto habari za ndege kubwa. Muulizeni leo ametua wapi, na upepo ulikuwaje. Wenye makampuni, msimgeuze kijana kuwa mteja kwa kumuuzia kiti cha pili katika ndege ya rubani mmoja, saa ambazo huenda mamlaka isizihesabu.

Nawe kijana, inama. Sukuma mfuko wa mwisho, funga sanduku, kisha ulivute kuhakikisha kwamba limefungika. Panda, uruke, utue. Jioni fungua daftari, na kama ulikuwa angani dakika 20, andika 20.