Mafunzo kwa Vitendo: Mwanafunzi Apewe Kazi Yenye Swali

Kila mwaka vyuo vikuu vya Tanzania vinapofunga masomo kwa likizo ndefu, wanafunzi wa biolojia, udaktari, famasia na sayansi ya maabara hutawanyika mikoani kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Wengi huenda katika maabara za hospitali. Wachache hubahatika kupata nafasi katika vituo vya utafiti wa afya, kama kile cha Ifakara katika bonde la Kilombero. Mafunzo hayo yasichanganywe na utarajali, ule mwaka ambao daktari hufanya kazi chini ya usimamizi baada ya kumaliza shahada yake. Anayezungumziwa hapa ni mwanafunzi ambaye bado yumo masomoni. Ana majuma machache tu, na pengine ni mara yake ya kwanza kuiona sayansi ikifanyiwa kazi nje ya ukumbi wa mihadhara.

Ni kazi gani humngojea huko? Mara nyingi hupewa daftari la kuandikisha wagonjwa, au hutumwa kuchukua vichupa vya damu wodini, au huambiwa akae pembeni atazame. Siku ya mwisho hupata sahihi na mhuri katika kitabu chake cha kumbukumbu, naye mhadhiri aliyefika mara moja kumkagua huondoka na fomu iliyojazwa vizuri. Hapo hakuna aliyedanganya. Fomu yenyewe huuliza kama mwanafunzi alihudhuria, kama alikuwa na nidhamu, na kama alivaa koti jeupe. Haiulizi alikuwa akitafuta nini.

Yafaa kukumbuka yaliyotokea Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Daktari wa upasuaji, Frederick Banting, alikuwa na wazo juu ya dawa ya kisukari lakini hakuwa na ujuzi wa kutosha wa kupima sukari. Profesa Macleod, mwenye maabara, alimpatia wasaidizi wawili vijana, Charles Best na Clark Noble, ili wapokezane kazi. Inasimuliwa kwamba walirusha sarafu kuamua nani aanze, ikamwangukia Best. Alikuwa na umri wa miaka 22, naye ndiyo kwanza amemaliza masomo ya shahada ya kwanza. Kazi aliyopewa haikuwa ya kutazama. Alitakiwa kupima sukari katika damu na mkojo wa mbwa walioondolewa kongosho, na kila hatua iliyofuata ilitegemea tarakimu zake.

Baadaye Banting mwenyewe alisimulia kwamba siku za mwanzo alimkemea Best vikali kwa uzembe katika vipimo na vyombo vichafu. Kijana huyo alikesha maabarani akiosha vyombo na kutengeneza upya dawa za kupimia. Kabla ya majira yale ya joto kwisha, walikuwa wameona sukari ya mbwa mgonjwa ikishuka baada ya kudungwa maji ya kongosho. Tarehe 11 Januari, 1922, dawa hiyo ilijaribiwa kwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Ilimbidi mkemia James Collip aisafishe dawa zaidi ndipo mtoto apate nafuu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923 walipewa Banting na Macleod, naye Banting akamgawia Best nusu ya fedha zake.

Hakuna anayetarajia kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa pili atagundua insulini mpya. Linalostahili kuigwa ni lile karipio. Best alikuwa na mtu wa kumkasirikia kwa sababu tarakimu zake zilikuwa na maana. Mwanafunzi anayebeba vichupa hana la kukemewa isipokuwa kuchelewa.

Kazi ya namna hiyo yaweza kupatikana katika hospitali yoyote ya wilaya yenye hadubini, bila kuomba fedha za wafadhili. Chukua upimaji wa malaria. Ijapokuwa vipimo vya haraka vimeenea, slaidi ya damu bado ndiyo inayoonyesha wingi wa vimelea. Tone nene la damu hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha huchunguzwa sehemu 100 za slaidi, moja baada ya nyingine, kabla ya kutamka kwamba hakuna kimelea. Vikionekana, huhesabiwa pamoja na chembe nyeupe za damu. Mpimaji akihesabu vimelea 50 kwa chembe nyeupe 200, na ikichukuliwa kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000, jibu ni vimelea 2,000 katika mikrolita hiyo. Akiruka vimelea 10 tu kwa uchovu wa macho, jibu linakuwa 1,600.

Basi mwanafunzi na apewe slaidi 60 ambazo majibu yake yamekwisha kutolewa, majina ya wagonjwa yakiwa yamefichwa. Azisome, aandike hesabu yake. Baada ya juma moja azisome tena bila kuangalia majibu yake ya kwanza. Hapo ndipo alinganishe mara zake mbili, na kisha alinganishe na majibu ya mtaalamu. Wapi walitofautiana? Je, ni rangi iliyotiwa vibaya, ni tone lililokuwa nene mno, au ni jicho lake? Swali hilo ni dogo lakini ni la kweli, na maabara nayo hufaidika kwa kujua usahihi wa kazi yake.

Wapo watakaopinga kwamba hospitali si mahali pa mwanafunzi kufanyia makosa. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo sababu slaidi ziwe zile ambazo majibu yake yamekwisha kutumika, ili pasiwe na mgonjwa anayesubiri neno la mwanafunzi. Hatari kubwa zaidi ni ya kijana anayehitimu bila kukosea hata mara moja mbele ya anayejua, kisha akaanza kukosea peke yake, usiku wa zamu, mtoto mwenye homa akiwa mlangoni.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Anayemfundisha mwanafunzi huyo si mhadhiri bali ni fundi sanifu wa maabara, mtu mwenye foleni ya wagonjwa tangu alfajiri. Huongezewa mzigo bila kuongezewa saa wala shukrani, na mara nyingi jina lake halitajwi katika ripoti. Akimwambia mwanafunzi akae kando, nani atamlaumu? Chuo kinachopeleka wanafunzi kingepaswa kukubaliana na hospitali juu ya saa maalumu za kufundisha na kumlipa fundi kwa saa hizo.

Kuna pia suala la nauli na chakula. Mafunzo kwa vitendo yamo miongoni mwa mambo yanayokopeshewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo. Asiye nao huchagua kituo kwa kufuata nyumba ya mjomba, si kwa kufuata somo lake. Huenda huko akakuta maabara isiyo na lolote linalomhusu, ilhali mwenzake anayefahamiana na wakubwa amepata nafasi katika kituo cha utafiti. Nafasi hizo zitangazwe na zigombewe waziwazi.

Ama ile fomu, inaweza kubadilishwa hata muhula huu bila gharama. Panapoulizwa juu ya mahudhurio paongezwe mistari miwili, ijazwe kwa mwandiko wa fundi aliyemsimamia mwanafunzi: alitafuta nini, na alisahihishwa wapi.