Mipaka ya Majimbo: Tudai Haki ya Kuuliza

Vijana, tusidanganyane. Mei 12, 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, yakafika 272 nchi nzima. Dar es Salaam wakaongezewa Kivule na Chamazi, Geita wakapata Katoro na Chato Kusini. Tabora? Patupu. Lakini ukiishia kulalamika "tumeonewa", watakujibu kwa hesabu, na hesabu wanayo.

Kigezo cha Tume kilikuwa watu 400,000 kwa jimbo la vijijini na 600,000 kwa la mjini. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 3,391,679. Gawanya kwa majimbo yetu 12, unapata kama 282,000 kwa jimbo. Kwa wastani huo hatufiki.

Sasa somo liko hapa. Idadi ya watu si kigezo pekee. Ibara ya 75 ya Katiba inataja hali ya kijiografia na njia za mawasiliano. Na huu ndio mkoa mkubwa kuliko yote nchini kwa eneo. Mtu wa Sikonge au Ulyankulu anajua adha ya kumfuata mbunge masika, barabara imekatika. Hilo lilipimwaje?

Mahakamani huulizi. Ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza kazi ya Tume. Wajumbe wa Tume wanateuliwa na Rais. Kugawa majimbo kunahitaji kibali cha Rais. Maombi ya halmashauri nayo yanapitia vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, vinavyoongozwa na DC na RC, wateule walewale wa Rais. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu kupinga mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 2012 walikwenda kweli.

Januari 1958 TANU walikutana hapahapa Tabora kuamua juu ya kura tatu za mkoloni. Waliingia kwenye uchaguzi ule bila kuukubali utaratibu wake, wakaupigania mpaka ukaondolewa.

Madai yetu ni matatu: kibali cha Rais kiondoke, Ibara ya 74(12) ifutwe, na mapendekezo ya mipaka yabandikwe kila ofisi ya kata kabla hayajapitishwa. Wakati tunadai, tusikae vijiweni tu. Baraza la madiwani ni kikao cha wazi. Nendeni, sikilizeni, andikeni nani kasema nini. Mipaka itapitiwa tena. Safari hiyo watukute na hesabu zetu mkononi.