UCHUNGU SI DAWA. ULIMI NI BAWABU, SI DAKTARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu, juzi baada ya Alasiri mama mmoja hapa Katumba alinijia na mtoto anachemka homa. Siku ya tatu anamnywesha maji ya majani. Nikamuuliza, "Zahanati umekwenda?" Akasema, "Shekhe, dawa ya zahanati tamu kama juisi. Aliyeniuzia hii kaniambia, ukiona chungu ujue inafanya kazi." Tukampeleka jioni ileile. Malaria.

Nasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike: maneno hayo ni uongo, na yanazika watoto.

Katika Suratul Balad Allah (s.w.) anatukumbusha neema ya ulimi. Basi tujue neema hiyo inavyofanya kazi. Juu ya ulimi kuna vifuko vidogo vya kuonjea, kila kimoja kina seli kama 50 hadi 100. Utamu una seli zake, uchungu una zake. Seli za uchungu zimebeba vipokezi vya protini, na binadamu ana aina kama 25. Kitu kichungu kikiyeyuka kwenye mate, kinanasa kwenye kipokezi kama ufunguo kwenye kufuli. Seli inaamka, inaujulisha mshipa wa fahamu, ubongo unapokea: chungu!

Sasa sikiliza vizuri. Seli moja ya uchungu hubeba aina nyingi za vipokezi hivyo kwa pamoja. Kwinini ikigusa, habari ni "chungu". Sumu ya muhogo mchungu ikigusa, habari ni ileile, "chungu". Seli haisemi "hii inaponya". Inasema "tahadhari", basi. Ndiyo maana mtoto mchanga hutema kichungu bila kufundishwa na mtu.

Nyinyi wa Katumba mnalijua hili. Muhogo mchungu mnauloweka, mnauanika, ndipo mnausaga. Kwa nini hamuuli hivyohivyo, kama uchungu ni dawa? Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa shida ya chakula, watu walikula muhogo ambao haukuandaliwa vizuri, wakapooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo.

Utasema, "Mbona kwinini ni chungu na inatibu?" Inatibu kwa sababu inaua vijidudu vya malaria ndani ya damu, si kwa sababu inakunja uso wako. Na dawa mseto ya watoto, ile ya kuyeyusha kwenye maji, imetiwa utamu makusudi ili mtoto asiiteme. Kinachoua vijidudu bado kimo.

Tena jiulize: katika Suratun Nahl, Allah ameitaja shifaa katika kinywaji gani? Asali! Hii hii inayorinwa katika misitu yetu ya Katavi. Ni chungu?

Sisemi kila mti wa porini ni uongo. Nasema ladha si ushahidi. Na wewe unayeuza uchungu kwa jina la tiba, ukampotezea mgonjwa siku tatu, jiandae kuulizwa siku ambayo ulimi wako wenyewe utakushuhudia.

Mzazi, mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe leo, si kesho. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, hakutuamrisha tukisie.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.
Mfikishie na mwenzako.