Wagonjwa waandikiwe kipimo cha picha za mionzi





Mama yangu mdogo, ninayeishi naye hapa Chanika, alitibiwa kansa ya mlango wa kizazi katika hospitali moja jijini, mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila siku kabla ya tiba alipigwa picha palepale mezani ili mionzi isikose mahali pake. Wiki ya nne ngozi ikaanza kuwa nyeusi na kuwasha. Majirani wakamwambia kuwa ni zile picha zinazomuunguza, naye akakaa nyumbani siku tatu, na ugonjwa ule hausubiri mtu! Nilipokwenda kuuliza ngozi inapata mionzi kiasi gani kutokana na picha, nilijibiwa, "Kidogo tu, mwalimu." Mimi siwezi kumwandikia mzazi kwamba mwanawe amepata "kidogo tu" katika hesabu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa grei. Tiba kama ile huwa grei 2 kwa siku, yaani 50 kwa siku 25. Tukisema picha moja ni miligrei 20, picha 25 ni nusu grei, sehemu moja katika mia. Kwa hiyo majirani walikosea. Lakini nusu grei si sifuri. Mionzi ya picha ni dhaifu kuliko ya tiba, na ngozi ndiyo inayoipokea kwanza, ilhali ya tiba hufikia nguvu yake kamili ndani zaidi. Tena mashine hazilingani, kwa hiyo kukisia hakutoshi.

Vipimo vipo. Kuna vipande vya lithiamu floraidi, vidogo kuliko ukucha, vinavyobandikwa kwenye ngozi. Baadaye hupashwa moto vikatoa mwanga, na mwanga huo ndio unaosomwa. Wafanyakazi wa mionzi huvaa beji za kupima, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, huzisoma. Hiyo ni haki yao. Je, anayelala chini ya mashine hana haki hiyo?

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila hospitali ya mionzi ipime picha zake, iandike kipimo katika kadi ya mgonjwa, na imweleze kwa Kiswahili kabla ya siku ya kwanza. Mama mdogo alimaliza tiba baada ya kubembelezwa sana. Kadi yake ninayo hapa mezani. Grei za tiba zimeandikwa zote, za picha hakuna hata namba moja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chanika, Dar es Salaam.